Kati ya jani la mti na dawa ya saratani

Ujumbe unaosambazwa kwenye simu kwamba majani ya mstafeli huponya saratani kuliko tibakemikali haujibiwi kwa kusema kwamba miti haitibu. Miti inatibu. Vinkristini, ambayo hudungwa watoto wenye saratani ya damu na wale wenye uvimbe wa Burkitt, saratani ya tezi za limfu inayotokea sana Uganda na jirani zake, hutoka kwenye Catharanthus roseus, ua lenye asili ya Madagaska ambalo wengi tumelipanda uani kuwa pambo.

Historia ya ua hilo huwapa nguvu watetezi wa mitishamba, lakini si kwa namna wanayoidhani. Katika miaka ya 1950, Robert Noble na Charles Beer walichunguza huko Kanada majani yaliyotoka Jamaika, ambako yalichemshwa na kunywewa kama dawa ya kisukari. Panya walionyweshwa hawakubadilika sukari. Waliodungwa ndio walioporomoka seli nyeupe za damu, wakafa kwa maambukizi. Tiba ya wenyeji iliwaelekeza watafiti kwenye mmea sahihi, ila kwa ugonjwa mwingine na kwa njia nyingine ya kuitumia. Mamia ya kilo za majani makavu hutoa takriban gramu moja ya vinkristini, na mtu mzima kwa kawaida hapewi zaidi ya miligramu 2 kwa mara moja, kwa sababu dawa hiyo hiyo inayozuia seli za saratani zisigawanyike huharibu mishipa ya fahamu, na ikidungwa kimakosa kwenye uti wa mgongo huua. Anayechemsha konzi ya majani hana namna ya kujua ameweka kiasi gani kikombeni.

Mfano wa pili unatoka Kwale, pwani ya Kenya. Katika miaka ya 1970 zaidi ya tani 20 za mmea wa Maytenus buchananii zilivunwa Shimba Hills kwa ajili ya utafiti wa saratani wa Marekani. Kemikali yake, maitansini, ilikuwa kali mno kwa wagonjwa na faida yake ndogo, ikaachwa. Baadaye kemikali ya jamii yake iliunganishwa na kingamwili, yaani protini inayotambua seli maalumu, inayoifikisha kwenye seli za aina fulani ya saratani ya matiti, na dawa hiyo ikaidhinishwa Marekani mwaka 2013. Hapa nakubaliana kabisa na wanaolalamika, kwa kuwa bei yake iko mbali na uwezo wa wagonjwa wengi wa Kwale. Hata hivyo hayo ni malalamiko ya haki, si ushahidi kwamba mizizi iliyochemshwa huponya.

Kuhusu mstafeli, ni kweli kemikali zake huua seli za saratani maabara, lakini sumu nyingi hufanya hivyo. Kinachokosekana ni majaribio yanayoonyesha wanadamu wakipona. Kule Guadeloupe, kisiwa cha Karibi, watafiti wamehusisha ulaji mwingi wa tunda hilo na chai ya majani yake na maradhi yanayofanana na Parkinson, ugonjwa wa ubongo unaoleta kutetemeka na kukakamaa. Hofu yangu kubwa, hata hivyo, ni muda: uvimbe wa titi ambao ungeondolewa mapema husambaa wakati mgonjwa akingoja chai ifanye kazi, tena akimficha daktari kwa kuogopa kukemewa. Madaktari wanaokemea wana sehemu yao katika hilo.

Muhimbili imekuwa na kitengo cha kuchunguza tiba asilia tangu miaka ya 1970, ambacho leo ni taasisi kamili. Serikali ikiipa fedha za kufanya majaribio kwa wagonjwa, swali la mstafeli litajibiwa hapa hapa, na mkataba wa kugawana mapato utaandikwa kabla mti haujakatwa.