Ile Elfu Tano Iko Wapi, Mkwe?

Alfajiri ya leo, kabla hata jogoo wa jirani hajasafisha koo, simu imenguruma chini ya mto kunijulisha kwamba bei yangu ya Ijumaa, ya nyumba ninayolaza wageni wa usiku mmoja mmoja, "haivutii". Haivutii! Maneno ya aina hiyo mara ya mwisho niliyasikia enzi za kuposa. Na anayenitamkia si mtu, ni mashine, iko huko iliko, haijui Section 58 iko upande gani wa Nakuru na haijawahi kununua tokeni ya stima. Inanishauri nishuke hadi 2,100. Imeniwekea na kitufe cha kukubali, kikubwa, cha kijani. Cha kukataa nimekitafuta mpaka chai ikaota ngozi.

2,100! Ukitoa dobi, stima, mama wa kusafisha, zile sabuni ndogo ambazo wageni hubeba hata zisizofunguliwa, na maji ya bauza wiki ambayo mfereji umeamua kupumzika, hapo ni mimi ninayemlipa mgeni aje alale. Lakini haya mnayajua, ninyi wenzangu mnaotembea na funguo za nyumba za watu zikilia mfukoni kama kengele za mbuzi.

Nyumba yenyewe si yangu. Ni ya mama mkwe, mwalimu mstaafu, aliyeinunua kwa kiinua mgongo chake. Mimi nilipewa umeneja kwa sababu niliwahi kumrudishia WhatsApp iliyokuwa imepotea kwenye simu. Kuanzia siku hiyo ukoo mzima ukaamua kwamba najua mambo ya mtandao. Mshahara wangu ni heshima. Heshima hailipi karo, ila mama watoto anasema hayo tusiyahesabu.

Niko kwenye mitandao mitatu ya kutafutia nyumba wageni. Majina siyataji, nina watoto wa kulisha. Wa kwanza hunikata asilimia 3 tu, ukadhani ni mtakatifu, kumbe mzigo mwingine amemtwika mgeni, kama asilimia 14 juu ya bei. Wa pili mgeni hamgusi. Anayeguswa ni mimi, asilimia 15, bila hata pole. Wa tatu hukata vilevile, lakini yeye ana maradhi ya mapunguzo: kama bei yako haijapigwa mstari mwekundu na nyingine ikaandikwa pembeni, unazikwa kwenye ukurasa wa mwisho huko, ambako hafiki hata aliyepotea.

Na mama anataka 3,400 mkononi kwa usiku mmoja. Hana hadithi nyingine. Kwa hiyo mimi napiga hesabu ya kinyumenyume: kwa wa kwanza naandika 3,505, kwa wa pili 4,000, kwa wa tatu naandika 5,000 kisha natoa asilimia 20 ili irudi 4,000, ikatwe, ibaki 3,400. Nililala na kikokotoo kifuani hesabu hiyo ilipokubali. Mgeni apite mlango wowote, atalipa kama 4,000. Mama apate 3,400. Hakuna aliyeibiwa. Mtu wa busara angenipa cheti.

Jumamosi akaja mzee mmoja.

Alikuwa ametoka Nairobi anaelekea Bungoma, amekula vumbi la malori tangu Gilgil, na amekataa katakata kuipita Salgaa, pale pa ajali, usiku. Jambo la busara hilo, nilimsifu. Ila hakutaka kulipia kitu ambacho hajakiona. Mkewe akabaki garini amekumbatia mkoba, yeye akapanda ngazi kuja kukagua. Sasa siku hiyohiyo, saa hiyohiyo, mama mkwe naye alikuwa ndani, amekuja kuangalia mapazia yake aliyoyashona kwa mkono wake, kama wageni hawajayafutia mikono. Nikawakaribisha. Nikajua jioni imeharibika, ila sikujua kwa kiasi gani.

Mzee akaketi. Akatoa miwani, akaipuliza, akaivaa. Akatoa simu.

"Kijana," akaniita. Mimi! Mtu mwenye mvi mbili zinazoonekana na nyingine zinazosubiri zamu! "Kijana, hii nyumba ni moja ama ni tatu?"

"Ni moja, mzee."

"Hapa naona 3,505. Hapa naona 4,000. Hapa naona 5,000 imekatwa. Ni moja?"

Mama alikuwa anapapasa pazia. Mkono ukasimama.

"Mzee, hiyo 3,505 ukiendelea mbele inakuwa 4,000."

"Ikifanya nini?"

"Kuna ada ya huduma."

"Huduma ya nani?"

"Ya mtandao."

"Mtandao ndio utakuja kunitandikia?"

Nikacheka kidogo, kile kicheko cha mtu mwenye cheo. Hakuna aliyecheka nami.

"Haya. Na hii 4,000 yenyewe, ukiendelea mbele inakuwa ngapi?"

"Hiyo inabaki 4,000. Hiyo wananikata mimi. Mia sita."

"Mia sita kwa kufanya nini?"

"Kwa kukuonyesha nyumba, mzee."

"Si wewe ndiye unayenionyesha nyumba?"

Hapo nilinyamaza, maana ukweli ukisemwa na mtu mwenye miwani huwa mzito kuujibu.

"Basi tuambie hii elfu tano."

"Hiyo haipo."

"Imeandikwa."

"Imeandikwa, ndiyo, lakini imekatwa. Iliwekwa ili ikatwe. Haijawahi kulipwa na mtu yeyote."

Mzee akanitazama juu ya miwani. Halafu sauti ikatoka upande wa dirisha, ile sauti ambayo kwa miaka mingi ilinyamazisha madarasa matatu kwa pamoja.

"Mkwe."

"Naam, Mama."

"Ile elfu tano iko wapi?"

Ndugu zangu, niambieni mnavyomjibu mama mkwe aliyesimama kati yenu na mlango. Kwetu sisi mbele ya mama mkwe hata chafya unaiomba ruhusa kwanza. Sauti haipandi. Mkono haunyooshwi. Nikatafuta karatasi, nikapata bahasha ya mchango wa harusi, nikaanza kumchorea: hapa asilimia 3, hapa 15, hapa 20 kisha 15. "Mama, njia zote tatu zinaishia kwenye 3,400 yako."

"Zote?"

"Zote, Mama."

"Elfu tano ukitoa 3,400 ni ngapi?"

"Ni 1,600, Mama, lakini..."

"Aliyekula hiyo 1,600 ni nani?"

"Hakuna aliyekula, Mama. Haikuwepo."

"Haikuwepo na imeandikwa kwenye simu ya mzee wa watu?"

Mzee wa watu naye, badala ya kunihurumia, akamimina mafuta motoni. "Mama, na kijana wangu aliye Marekani aliniangalizia asubuhi. Huko inaonyesha dola 31."

"Kumbe na dola zipo," akasema Mama. Akaketi. Akiketi ujue kikao kimefunguliwa rasmi.

Nikaeleza dola. Nikaeleza kwamba dola 31 kwa 129 ni hizohizo elfu nne. Nikaeleza mpaka nikafika mwanzoni mwa 2024 pale dola ilipogusa 160 kisha ikateremka, na jinsi wageni wa nje walivyoiona nyumba imepanda bei kwa dola nami sijaigusa. Nilikuwa naeleza vizuri, nakwambieni. Hata mimi mwenyewe nilianza kujisikiliza. Nilipoinua macho, Mama alikuwa ameandika kwenye bahasha kwa kalamu nyekundu, sijui aliitoa wapi, neno moja: DOLA, na alama ya kuuliza.

Mzee akawa ameshahamia kwenye maoni ya wageni.

"Hapa mmoja amelalamikia kitanda," akasema.

Nikakohoa. "Mzee, hayo ya vyumba vya ndani twende tuyaongelee huko nje kwenye ngazi."

Masikio yake nadhani yalibaki Gilgil. Akasoma kwa sauti ya kusomea tangazo la chifu: "Nyumba ni safi, maji moto yapo, ila kitanda cha chumba kikubwa kinalia sana usiku, majirani wote wanajua."

Nilihesabu vigae. Vigae vya sebule ile nimevihesabu, mtu asiniulize. Mama alitazama dari. Kimya kikakaa nasi pale kwenye kochi kama mgeni wa nne ambaye hakulipiwa.

Kisha Mama, ili kulinda mali yake, akatamka: "Kitanda hicho nilikinunua mimi. Na kwangu hakikuwahi kulia."

Mungu anasamehe mengi. Sikujua niyaweke wapi macho yangu. Niliinama nikajifanya nafunga kamba ya kiatu, na nilikuwa nimevaa ndala.

Wazee wakaendelea kana kwamba hakuna lililosemwa. Mzee akatoa neno lake: tuachane na hiyo mitandao, yeye atoe 3,000 taslimu. Mama akasema 3,400. Mzee akasema yeye ni mkulima tu. Mama akasema yeye ni mwalimu tu. Wakagundua wote wawili wana watoto waliopitia Egerton kule Njoro, wakasikitika pamoja kuhusu karo ya siku hizi, wakafunga kwa 3,300, na pesa ikaingia moja kwa moja kwenye M-Pesa ya Mama ikapiga kengele. Meneja hakuulizwa. Meneja alitumwa akamwite mke wa mzee garini na abebe begi.

Nimefika chini, begi begani, simu ikanguruma. Pongezi! Mtandao wa pili umenipatia wageni. Usiku wa leo. Wapenzi wawili kutoka Nairobi, wameshafika Naivasha, wanauliza kama wanaweza kuleta keki.

Ndiyo hivyo. Mnajua kalenda hizi zinavyosomana. Mtandao mmoja husoma kalenda ya mwenzake unapojisikia, saa kadhaa zikipita, na kalenda iliyofungwa na Mama kwa mdomo haisomwi na yeyote. Ukimfukuza mgeni wa mtandao unashushwa, unaandikwa, unatozwa. Niliwapeleka wapenzi na keki yao kwa jirani wa jengo la pili, anayedai 4,500, mia tano nikaitoa kwenye mfuko wa heshima.

Jumatatu mtandao uleule ukaniandikia kwa huzuni kwamba wameona nauza rahisi kwingine, na kwamba hilo linaumiza uhusiano wetu. Uhusiano! Huko Ulaya sheria imeshawazuia wakubwa wa kazi hii kumfunga mtu asiuze kwa bei nafuu mahali pengine. Huku kwetu sheria yangu ni Mama, na Mama sasa ana daftari.

Maana ameanza kufuatilia. Mwezi wa sita ukikaribia atanipigia niandike 9,000 kwa sababu ya Safari Rally. Nimemwambia kwa upole kwamba tangu 2024 rali inakuja Machi, na kwamba hata ikija iko Naivasha, kilomita sabini hivi kutoka hapa, dereva hawezi kulala kwetu aamke akashindane. Akanijibu kwamba iko kaunti ya Nakuru. Iko. Siwezi kubishana na mipaka.

Mgeni mwingine alinipa nyota tatu kwa sababu hakuona flamingo. Wengi wao walihamia Ziwa Bogoria, maji ya Ziwa Nakuru yalipopanda chakula chao kikapungua, hata geti la zamani la mbuga likazama. Mimi niliwafukuza? Niliandika kwenye tangazo "karibu na Ziwa Nakuru", sikuandika kwamba nawafuga. Mwingine alinipunguzia nyota kwa sababu ya upepo. Upepo! Na bado mashine inasema nishuke bei ili nifanane na majirani, na majirani nao wameambiwa washuke wafanane na mimi, sijui tukifika sifuri nani atatuambia tusimame.

Soja wa geti ndiye mwenye akili. Anawasubiri wageni waliopotea na begi zao, anawauliza "mmebuku ama mnatafuta?", kisha anawapeleka kwa binamu yake. Hana kalenda, hana nyota, hana asilimia. Juzi amenunua jaketi la ngozi.

Na shuka. Hili la shuka nimelinyamazia muda mrefu. Nani alituamuru shuka ziwe nyeupe? Nakuru hii, vumbi hili la Menengai, unaanika asubuhi saa nne imeshageuka rangi ya chai, na mgeni anapiga picha ya doa kwa karibu mpaka linaonekana kama ramani ya Turkana. Nilinunua za buluu. Mtandao wa tatu ukasema picha zangu "hazina mwangaza". Nikarudi kwenye nyeupe. Sasa nyeupe zote ziko kwa dobi, Ijumaa ni kesho, mgeni ameshabuku kwa ile 2,100 ambayo sikuibonyeza mimi, na dobi simu hapokei, amemtuma mtoto aniambie kwamba mashine imekwama na shuka zimo ndani, na mlango wake hauwezi kufunguka mpaka stima irudi, na stima...