Tozo ya Kwenda Nungwi

Mwaka juzi nilikwenda Nairobi kumtazama kaka yangu, akanipitisha kwenye ile barabara yao ya juu, Mlolongo mpaka Westlands. Kilomita 27, huoni punda wala tuta. Mwisho wa safari akatoa shilingi 500 za Kenya, akanieleza kuwa tozo inategemea umeingilia wapi, unatokea wapi na gari yako ina ukubwa gani. Nikarudi Unguja nimeelimika. Na mtu aliyeelimika juzi hakai kimya.

Ikaja harusi ya binamu yetu, Nungwi, akdi baada ya alasiri. Mimi mtu wa Mjini, shamba sijafika miaka, ila nilisikia barabara za huko zimetengenezwa upya. Nikajisemea, lami nzuri namna ile haiwi bure. Nikafungua daftari. Kilomita 60 ni mara mbili na ushei ya zile 27, basi tozo ni kama 1,100 za Kenya. Zidisha kwa 20, ni 22,000 za kwetu. Abiria sita, kila mmoja 4,000, itakayobaki ya dharura. Muda nao mwepesi: Nairobi mwisho ni mwendo wa 80, basi dakika 45 tu. Tukitoka saa tisa kamili, alasiri tunaisali Nungwi.

Shangazi alifungua fundo la kanga taratibu. "Mwanangu, njia ya Nungwi tangu lini ikalipiwa?"

"Shangazi, dunia imebadilika."

Tulitoka saa tisa na nusu, maana kuna buibui lilikuwa bado kwa pasi. Bububu foleni. Mahonda tukawa nyuma ya gari ya ng'ombe iliyojaa makuti, na mwenyewe hana habari ya akdi ya mtu. Ile 80 niliiona kwenye dashibodi tu, imeandikwa, mshale haukuwahi kuifikia.

Tumeshaipita Kinyasini, na vile vibanda vya kulipia sivioni. Ami yangu kashaanza kukohoa kile kikohozi chake cha maana. Mara, alhamdulillahi, penye tuta, kijana kavaa kizibao cha kung'aa, kainua mkono, mwenzake kashika ndoo. Nikashusha kioo kwa fahari.

"Noah ni kiasi gani?"

"Chochote ulichojaaliwa, sheikh."

Nikaona utaratibu wa huku ni wa kupatana. Nikatoa 20,000. Vijana wakatazamana. "Na kama ninatokea Mkwajuni, sifiki Nungwi, mnapunguza?"

"Msikiti ni huu huu, sheikh," akajibu kwa upole, akanyoosha kidole kwenye kuta za matofali zisizo na paa.

Ndani ya gari kimya. Aibu ilinibana nikashindwa hata kuzirudisha, nikasema kama mtu aliyejua tangu mwanzo, "Basi naomba risiti." Wakanipigia dua.

Vita vilianza tulipolivuka tuta. Shangazi anataka 4,000 zake. Nikamwambia, zimeshakuwa sadaka, thawabu zako zipo. Ami akaingilia: amali ni kwa nia, na sisi nia yetu ilikuwa kulipia lami. Kwa hiyo pesa zimekwenda, thawabu hakuna, na njia yenyewe ni ya bure. Walibishana hivyo mpaka Nungwi, tukakuta akdi imeshapita na halua imebaki sinia.

Usiku tunarudi, Shangazi akanipiga begani. "Simama pale kwa wenzio." Vijana walikuwapo bado, na taa ya chemli. Akafungua tena lile fundo, akatoa 4,000 nyingine, akatamka nia kwa sauti ili Ami asikie.

Yule wa kizibao akainama dirishani kwangu, kashika kalamu na kipande cha daftari.

"Sheikh, hii risiti niandike gari ndogo au kubwa?"