Kiolezo cha tangazo: mteja aguse nini?

Duka la simu la Kariakoo linalobadilisha bei kila wiki halina haja ya tangazo jipya kila wiki. Linataka tangazo moja ambalo picha, jina la simu na bei vinabadilika, mengine yanakaa palepale. Wabunifu tunabishana kama mteja apewe kiolezo, yaani faili la tangazo analoweza kulibadilisha mwenyewe. Kwa kazi kama hiyo wanaotetea violezo wana hoja, na sioni cha kuwapinga.

Tatizo ni kwamba faili lenye leya, yaani matabaka ya picha na maandishi yaliyopangwa moja juu ya jingine, bado si kiolezo. Mafaili mengi tunayoyamaliza usiku yana leya hamsini zisizo na majina, nusu yake zimefichwa. Kuligeuza ni kazi: taja kila leya kwa jina, panga makundi, acha maandishi yakiwa maandishi ya kuharirika, si picha, funga nembo na mandhari. Fonti nayo isipokuwepo kwenye kompyuta ya mteja, sura yote inavurugika. Ndiyo maana wabunifu wengine wanagoma: umenilipa tangazo moja, nikupe la mwaka mzima? Wana haki, ila dawa ni kutoza kiolezo bei yake, si kuficha faili. Mteja uliyemnyima atachukua JPG ile ile, picha isiyo na leya, abandike kiboksi cheupe juu ya bei ya zamani, na jina lako litasemwa hapo.

Violezo vya kupakua mtandaoni vina kasoro nyingine ambayo haizungumzwi sana: vingi vimepimwa kwa Kiingereza. Mahali palipokaa "SALE", herufi 4, sisi tunataka "PUNGUZO LA BEI", herufi 12 kabla ya kuhesabu nafasi. Palipokaa "$99" tunaingiza "Sh 1,250,000". Mtu anapunguza fonti, anapunguza tena, mwisho bei iliyokusudiwa kumvuta mpita njia inasomeka kwa miwani. Kabla sijakabidhi kiolezo hukijaza jina refu kuliko yote dukani na bei ya tarakimu saba. Kikistahimili hapo, basi.

Wapo wanaolalamikia kufanana. Idi ikifika, mwezi mwandamo na taa zilezile zinapamba tangazo la benki, la duka la vitenge na la mwanasiasa. Kweli inachosha, na salamu za Idi zinastahili kubuniwa upya. Lakini kwenye tangazo la bei kufanana na lako la jana ni faida, maana mteja anakutambua kwa rangi kabla hajasoma.



Mimi humwachia mteja leya nne: picha, jina, bei, tarehe ya mwisho. Kufuli la leya hufunguka kwa kubofya tu, lakini linamzuia aliyeteleza. Namba ya simu nayo niliiacha wazi zamani, mpaka mteja mmoja akachapisha vipeperushi vyenye namba iliyopungua tarakimu moja. Siku hizi nayo naifunga.