Jinsengi na warfarini: amepimwa nani?

Daktari anayemkataza mgonjwa anayemeza warfarini, dawa ya kuzuia damu kuganda, kutumia dawa yoyote ya mitishamba ya Kichina ana sababu nzito. Dozi ya warfarini ikipungua, damu huganda. Ikizidi, mgonjwa huvuja damu. Tena ripoti za wagonjwa wa Hong Kong waliotumia danshen, mzizi wa tiba ya Kichina, katika miaka ya 1990, damu ikawa nyepesi kupita kiasi, si porojo. Hoja hiyo inaeleweka na sitairefusha.

Wanaoeleweka vibaya ni wale wanaotaka mwingiliano wa dawa upimwe kwa binadamu kabla ya kutolewa hukumu, kwa kuwa hudhaniwa kwamba wanawatetea waganga. Mwaka 2004 zilichapishwa tafiti mbili kuhusu jinsengi, mzizi mwingine wa dawa, na warfarini. Katika moja, watu 20 wenye afya walipewa warfarini kwa siku tatu, kisha baadhi yao wakatumia jinsengi ya Kimarekani kabla ya kurudia warfarini. Kwa waliotumia jinsengi, nguvu ya warfarini ikapungua. Katika nyingine, wanaume 12 wenye afya walitumia jinsengi ya Kikorea na kumeza dozi moja ya warfarini, na hakikuonekana kilichobadilika. Idadi hizo, 20 na 12, haziniachi. Mimea yenyewe ni ya jamii moja lakini si mmoja, dozi hazikulingana, na miongoni mwa watu wote 32 hakuwamo hata mzee mmoja wa maradhi ya moyo anayemeza vidonge vya aina tano huku akichemsha mizizi kumi katika sufuria moja. Hata hivyo, orodha nyingi za tahadhari huandika "jinsengi", basi.

Ni kweli kwamba mgonjwa hawezi kusubiri utafiti, na tahadhari ya leo isiondolewe. Lakini anayekatazwa kila kitu bila maelezo huendelea kunywa na kumficha daktari, na hapo tahadhari haimkingi.

Nchini China, baadhi ya madaktari wa upandikizaji wa figo humpa mgonjwa dawa ya tunda la wuweizi kwa makusudi, kwa sababu huzuia vimeng'enya vinavyovunja takrolimasi mwilini, yaani dawa inayozuia mwili kuikataa figo mpya, hivyo dozi ndogo ikatosha, nao hufuatilia kiwango chake katika damu. Mgonjwa mwingine akitumia tunda hilohilo kwa siri, takrolimasi inaweza kumpandia hadi ikaidhuru figo ileile aliyopandikizwa.