Fimbo na siri havikai mkono mmoja: hoja ya mwanasaikolojia katika shule za Mtwara na Lindi

Kila zinapotoka habari za mwanafunzi aliyejidhuru, au za mtoto aliyechapwa hadi kulazwa, wito huwa mmoja: serikali iajiri wanasaikolojia katika shule za umma. Huku kwetu Mtwara na Lindi jibu nalo huwa tayari. Walimu wa hisabati hawatoshi, matundu ya vyoo hayatoshi, nyumba za walimu zinavuja, halafu tumlipe mshahara mtu wa kukaa na watoto kuzungumza? Wanaosema hivi si watu wasiojali. Wengi ni walimu wakuu na madiwani wanaoijua shule kwa ndani, na hoja zao nitazileta bila kuzipunguza. Ila naona upande wa pili umeeleweka vibaya, kwa sababu ni wachache walioiona kazi yenyewe ikifanywa.

Likitajwa neno mwanasaikolojia, fikra za wengi zinakwenda Mirembe. Anaonekana ni mtu wa wagonjwa wa akili, na mzazi akiambiwa mwanawe apelekwe kwake anahisi ametukanwa mbele ya watu. Lakini kazi ya mwanasaikolojia wa shule imetokana na matatizo ya darasani. Mwaka 1904 serikali ya Ufaransa iliunda tume ya kuangalia watoto walioshindwa kwenda sambamba na wenzao shuleni, na mwaka 1905 Alfred Binet na Théodore Simon wakatoa kipimo chao cha kwanza. Miaka 10 baadaye, 1915, jimbo la Connecticut huko Marekani lilimwajiri Arnold Gesell awapime watoto mashuleni. Wote hawa walikuwa wakitafuta jibu la swali moja: mtoto huyu hajifunzi, kwa nini?

Swali hilo liko katika kila kijiji cha kwetu. Namfahamu mtoto mmoja wa darasa la tatu, wilaya ya Newala, mwenye mwandiko mzuri kuliko wote darasani. Ananakili ubao mzima bila kukosea herufi. Ukimwambia asome alichoandika, anatazama midomo ya wenzake. Akiitwa kwa nyuma haitiki, akawa amepewa jina la mjeuri, na mjeuri dawa yake inajulikana. Aliyefumbua jambo lile ni bibi yake, aliyekuja shuleni kwa shughuli nyingine kabisa akasikia mjukuu anagombezwa, akasema sikio la mtoto huyu limetoa usaha tangu akiwa mdogo, na la pili halisikii vizuri. Siku hiyo akahamishiwa dawati la mbele. Hakuna mwalimu aliyemtakia mabaya. Mwalimu mwenye watoto zaidi ya 80 mbele yake hana nafasi ya kumtazama mmoja kwa muda wa kutosha kuona kwamba anasoma midomo. Mwanasaikolojia wa shule analipwa kufanya hivyo hasa: kukaa nyuma ya darasa, kutazama, kumwita mzazi, kutenganisha mtoto asiyesikia na asiyeelewa, asiyeelewa na mwenye njaa, mwenye njaa na aliyeumizwa nyumbani.

Sasa upande wa wanaopinga. Hoja yao ya kwanza ni kwamba kazi hii ina mwenyewe tayari, yaani mwalimu wa ushauri nasaha au mwalimu wa malezi, ambaye kila shule inatakiwa iwe naye. Ni kweli yupo, na anajitahidi. Anafundisha vipindi vyake vyote, anaandaa maandalio ya somo, anashika zamu, na katikati ya hayo anaambiwa asikilize watoto. Mahali pa kusikilizia huwa stoo ya vitabu, au chini ya mkorosho kando ya uwanja, ambako kila anayepita anaona nani ameitwa. Hata hivyo wanaomtetea wanasema jambo la maana sana: mtoto humweleza shida yake mtu anayemwona kila siku. Mgeni anayetoka wilayani kwa bodaboda mara moja kwa muhula, hata awe na shahada mbili, ataambiwa "sina tatizo, mwalimu," na kurudi zake.

Hoja hiyo ingenishinda kama isingekuwa fimbo. Kanuni za adhabu ya viboko za mwaka 2002 zinasema viboko visizidi vinne, mwenye kuchapa awe mkuu wa shule au mwalimu aliyempa kibali cha maandishi, na adhabu iandikwe kwenye kitabu. Anayejua shule anajua jinsi hayo yanavyofuatwa. Na katika shule nyingi zenye walimu wachache, mwalimu wa malezi na mwalimu wa nidhamu ni mtu mmoja, kwa sababu tu hakuna mwingine. Jumatatu asubuhi anawachapa watoro, Jumatatu mchana anamwita mmoja wao chini ya mkorosho na kumuuliza kwa upole kwa nini anatoroka.

Jiweke mahali pa mtoto huyo. Ni msimu wa korosho, mwezi wa kumi. Baba na mama wamehamia shambani kuokota, yeye ameachwa nyumbani na wadogo zake. Au ni binti wa kidato cha pili, shule ya kata iko mbali na kwao, amepangiwa chumba mjini na wenzake wawili, geto lenye mlango wa komeo bovu, na kuna mtu mzima anayewaletea unga na mafuta na sasa anataka malipo ambayo si ya fedha. Amweleze nani? Akimweleza mwalimu huyu, kesho neno hilo liko kwenye ofisi ya walimu, keshokutwa ni kosa la nidhamu lenye jina lake. Kwa hiyo ananyamaza, na kwa akili yake amefanya hesabu sahihi. Kumpeleka mwalimu huyo semina ya unasihi ya wiki moja hakubadilishi hesabu hiyo, kwa sababu mtoto haogopi upungufu wa ujuzi. Anaogopa mkono.

Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2009 kuhusu ukatili dhidi ya watoto, uliotolewa mwaka 2011, ulionyesha kuwa karibu wasichana 3 kati ya 10, na mvulana 1 kati ya 7, walifanyiwa ukatili wa kingono kabla ya kufika miaka 18. Ni takwimu za zamani na ni za nchi nzima. Lakini zipeleke darasani. Darasa la kidato cha nne lenye wasichana 30 lingekuwa na wanane au tisa ambao yamewapata kabla ya kuufikia utu uzima. Mwalimu aliyesimama mbele yao akifundisha jiografia, je, amewahi kuambiwa na hata mmoja? Nimewauliza walimu swali hili mara nyingi kwenye mazungumzo ya kawaida. Wengi wananijibu kwamba walisikia habari baada ya mimba.

Hoja ya pili ya wanaopinga naiheshimu zaidi, kwa sababu inatoka kwenye mila. Wanasema Mmakonde, Mmwera, Myao na Mmakua hawakungoja chuo kikuu kiwafundishe kushauri watoto. Mjomba yupo, bibi yupo, jando na unyago vipo, kungwi na nyakanga wapo. Kwa nini tulete mtu wa mbali?

Lakini tazama mila yenyewe inavyofanya. Mama hamfundi binti yake mwenyewe. Anampa kungwi. Wazee wetu waliona kwamba anayekulea, anayekulisha na kukuchapa hawezi pia kuwa yule unayemuuliza mambo ya ndani kabisa, wakaweka mtu wa pembeni mwenye heshima yake. Sasa shule ndiyo inayokaa na mtoto saa nyingi kuliko ukoo, na shule hiyo haina mtu wa pembeni. Kwa hiyo mila yetu, nikiisoma vizuri, inamtaka mtu huyu. Isitoshe, kuna shida ambazo ukoo hauwezi kuzisikiliza kwa sababu zimetoka ndani ya ukoo. Mtoto aliyeumizwa na mjomba hampelekei mjomba. Na mtoto wa miaka tisa aliyerudi kutoka unyagoni na mafunzo makubwa kuliko umri wake anahitaji mtu wa kumsikiliza ambaye si sehemu ya ngoma ile.

Ya tatu ni hatari ya vipimo, na hapa wanaopinga wana ushahidi mzito kuliko wanavyojua. Mwaka 1979 mahakama ya shirikisho huko California iliamua, katika kesi ya Larry P. dhidi ya Riles, kwamba vipimo vya akili vilivyotumiwa na shule viliwabagua watoto weusi na kuwarundika katika madarasa ya wenye upungufu wa akili. Waliovitumia walikuwa wanasaikolojia wa shule wenye vyeti vyao. Mtoto wa Nanyamba anayeota ndoto zake kwa Kimakonde akipewa kipimo kilichotungwa Ulaya na kutafsiriwa haraka, kitapima kitu gani? Naikubali hofu hii yote. Ndiyo maana mtu wa kazi hii lazima aanze na macho na masikio, na mazungumzo na bibi, kabla ya kufungua kabrasha la maswali. Na asiandike neno lolote kwenye faili la mtoto ambalo litamfuata hadi kidato cha nne.

Inabaki fedha na idadi, na hesabu hii imenisumbua kuliko yote. Chama cha wanasaikolojia wa shule cha Marekani kinapendekeza mtaalamu mmoja kwa wanafunzi 500, na hata wao, matajiri walivyo, hawajaufikia uwiano huo. Chukua kwa mfano halmashauri ya kwetu yenye shule za msingi 60, kila moja wanafunzi 500. Hao ni watoto 30,000. Mtaalamu mmoja kwa halmashauri nzima atakuwa na mzigo mara 60 ya pendekezo. Mwaka wa masomo una siku 194. Zigawe kwa shule 60: siku tatu kwa kila shule, kwa mwaka, bado hujahesabu sekondari, bado hujahesabu masika barabara za Liwale na Nanyumbu zinapokatika. Siku tatu! Mwenye kupinga akishika karatasi hii anasema, unaona?

Naona, na bado sikubali hitimisho lake. Siku tatu hazitoshi kama kazi ni kukaa na kila mtoto. Zinaanza kuwa na maana kama kazi ni kukaa na mwalimu mmoja wa kila shule, aliyechaguliwa kwa sababu watoto wanamkimbilia, akaondolewa kabisa kwenye nidhamu na kupunguziwa vipindi, akamletea mtaalamu yale yaliyomshinda. Huyo wa kila siku anabaki sikio la kwanza, kama wapinzani wanavyotaka. Mtaalamu anakuwa mtu wa nje ya mamlaka ya mkuu wa shule, mwenye simu ambayo mtoto anaweza kuipiga. Namba 116 ya huduma kwa mtoto ipo nchi nzima, lakini anayeipiga akiwa Tunduru ya mpakani au Kilwa Kivinje lazima mwishowe akutane na mtu wa kufika. Na pale ambapo Sheria ya Mtoto ya 2009 inataka taarifa itolewe, mtu huyo ndiye anayejua imfikie afisa ustawi na dawati la jinsia bila kupita midomo ya walimu wote.

Mtwara ina halmashauri 9, Lindi 6. Nazungumzia watu 15 kwa mikoa ambayo sensa ya 2022 iliikuta na watu zaidi ya milioni 2.8. Watu 15 hawawezi kuwa ndio sababu ya kukosa walimu wa hisabati. Halmashauri hizi zinatoza ushuru wa asilimia 3 kwenye korosho, zao ambalo msimu wake ndio huo huo unaowatoa wazazi nyumbani. Tumezoea kudai kwamba ushuru huo urudi kwa mkulima kama barabara na viuatilifu. Sehemu ndogo kabisa ya fedha hiyo kurudi kwa mtoto aliyeachwa nyumbani wakati korosho zinaokotwa ni haki yake, na vikao vya bajeti vya madiwani ndiko jambo hili linakoweza kuanza hata kabla TAMISEMI haijatengeneza kada.

Tangu Novemba 2021 wasichana waliokatishwa masomo kwa mimba wanaruhusiwa kurudi katika mfumo rasmi. Binti anarudi na sare yake, ananyonyesha usiku, anaingia darasa ambalo wenzake wa zamani wameshalipita. Anayempokea getini leo ni mwalimu wa zamu. Nikiulizwa huyo mtaalamu wa kwanza wa halmashauri aanzie wapi, nitasema aanze na hao: aombe orodha ya waliorudi, amtafute kila mmoja, kisha atafute waliorudi wakaondoka tena, na awaulize kwa nini.