Mstari wa Juu

Kabla hamjanicheka, ijulikane kwamba mimi ni mhasibu. Miaka 31 nimekaa ofisi za halmashauri nikikagua vocha za watu. Niliwahi kumrudishia mkuu wa idara risiti ya maandazi kwa sababu tarehe ilikuwa imekwanguliwa. Nimestaafu mwaka 2023, enzi za kikokotoo cha pensheni cha asilimia 33, kwa hiyo hata uchungu wa asilimia naujua. Yaliyonikuta Houston hayakutokana na kutojua hesabu. Yalitokana na kuzijua mno.

Nilikwenda kumtembelea mpwa wangu, anaendesha malori huko Texas. Siku ya tatu akaondoka alfajiri, mkewe akaenda kazini, mjukuu shule, nikabaki mimi na televisheni. Adhuhuri njaa ikanitoa. Ng'ambo ya barabara kulikuwa na mgahawa, nikavuka njia sita za magari kwa miguu peke yangu, jambo ambalo kule halifanywi na mtu mwenye akili zake. Madereva walinitazama kama kuku aliyetoroka bandani.

Menyu ndefu kama hotuba ya bajeti, na kitu pekee nilichokitambua ni kambare. Kambare wa kukaanga, na wali, dola 18.95. Yaani nimepanda ndege mbili, nimevuka bahari, nakwenda kula kambare. Nikaagiza.

Kijana aliyenihudumia alikuwa na adabu, lakini hakutulia. Kila nikitia tonge kinywani, huyo, anauliza kama kila kitu ki sawa. Mara ya kwanza nikasema sawa. Mara ya pili nikasema sawa sana. Mara ya nne nikaanza kushuku kuna jambo analijua kuhusu huyo kambare ambalo mimi sijaambiwa.

Bili ikaja: 20.51. Nikatoa miwani. Kumbe kule bei ya kwenye menyu ni ya kuanzia mazungumzo tu, kodi ya mauzo inakuja nyuma yake, asilimia 8.25. Nikapiga hesabu, ikakubali mpaka senti. Nikatoa dola 21 taslimu, ikarudi chenji ya senti 49. Hapo ndipo ukarimu wa Tanga ukanipanda. Nikazidisha kichwani kwa 2,500, nikapata shilingi 1,225. Kwetu Ngamiani ukimwachia dada wa hotelini 1,225 juu ya bili, kesho yake chapati yako inakuja na mchuzi hujauomba. Nikaziacha sarafu mezani, nimezipanga vizuri, kubwa chini, ndogo juu. Nikatoka kifua mbele.

Nimefika katikati ya maegesho nasikia naitwa. Yule kijana, anakimbia, aproni inapepea, sarafu ziko kiganjani. Ananiambia nimesahau chenji yangu.

Nikaguswa. Uaminifu ulioje! Nikamwambia kwa Kiingereza changu cha shule: hapana mwanangu, hiyo yako, kanunue soda.

Akazitazama sarafu. Akanitazama. Akauliza, taratibu, kama kuna kitu kilikwenda vibaya kwenye huduma. Nikamwambia huduma nzuri, nzuri sana, sijapata kuona. Nikampigapiga begani nikaondoka. Nilipogeuka kwenye ukingo wa barabara alikuwa bado kasimama palepale, kiganja wazi, kama mtu anayepima kama mvua imeanza.

Usiku nikamsimulia mpwa wangu kwa fahari. Akaweka kijiko chini.

"Mjomba. Umemwachia senti 49?"

"Elfu na mia mbili na ushee hiyo."

"Na ukamwambia anunue soda?"

"Kwani hawanywi soda?"

"Mjomba, soda pale ni dola tatu na nusu."

Akashika kichwa. Mkewe akakimbilia jikoni, nikasikia anacheka na sufuria. Ndipo nikapewa darasa. Kwamba Texas, mwajiri anaruhusiwa kumlipa mhudumu dola 2.13 kwa saa, zinazobaki zinatoka kwa wateja, ndiyo tipu. Kima cha chini cha taifa ni dola 7.25, na sheria inasema tipu zisipofikisha hapo mwajiri ajazie, lakini mpwa wangu alipofika kwenye "ajazie" alikohoa kile kikohozi cha mtu aliyewahi kufanya hiyo kazi. Asilimia 15 unakuwa umemwambia mtu kwamba umemwona tu. Asilimia 20 ndiyo heshima. Senti 49 ni tusi, bora hata usingeacha kitu, angedhani umesahau.

"Na hiyo 2.13 imeanza lini?"

"Mwaka 1991."

Tisini na moja! Mzee Mwinyi yuko Ikulu, mimi sijaoa. Kiwango hakijaguswa tangu Mzee Ruksa, na mimi nimetumia nusu ya utu uzima wangu kulalamikia nyongeza za mishahara ya serikali.

Lakini sikukubali kirahisi. Nilimbishia mpaka saa sita usiku. Nilimuuliza: mwenye mgahawa ananunua kambare kwa bei kamili, anamlipa fundi wa friji kwa bei kamili, ikifika zamu ya anayebeba sahani ananigeukia mimi? Mimi nimemwajiri lini? Si aandike kambare dola 23 tukajua moja? Akasema wapo waliojaribu, wenye migahawa mikubwa tu New York, wakafuta tipu wakapandisha bei za menyu, na baada ya miaka michache wakairudisha. Mteja akiona bei kubwa anakimbia, na wahudumu wazuri wanahamia kwenye tipu. Akasema tena California mhudumu analipwa kima cha chini kamili kama mfanyakazi mwingine yeyote, na tipu watu wanatoa vilevile.

"Basi huo si mshahara tena," nikamwambia, "huo ni mwiko."

Na sisi tusijifanye wageni wa mambo haya. Kwetu pesa ya kumshukuru mtu ina majina kuliko mtoto wa pwani: ya soda, ya maji, ya chai, ya vocha, bakshishi, asante. Hata takrima, ile ya mgombea kuwakirimu wapiga kura, ilikuwepo, hadi Mahakama Kuu ikaiondoa kwenye uchaguzi mwaka 2006. Tofauti ni kwamba kwetu mtu anashukuru anavyojisikia, na wengi hatujisikii. Kule shukrani imepigiwa asilimia.

Kesho yake nikaenda kununua maji dukani. Nimefungua friji mwenyewe, nimeyabeba mwenyewe. Binti wa kaunta akanigeuzia kioo: asilimia 18, 20 au 25? Nikageuka kuona kama kuna mtu nyuma yangu aliyeyabeba hayo maji.

Yule kijana hakunitoka moyoni, lakini. Kile kiganja. Jumapili nikatangaza kwamba tunakwenda wote kula kambare, na mjomba analipa. Mpwa akasema atalipa yeye, nikakataa. Hii ilikuwa suala la heshima ya Mkoa mzima.

Tulipoingia, kijana aliniona. Akatabasamu lile tabasamu la daktari wa meno. Nikaomba atuhudumie yeye. Tukala watu wanne, mjukuu akaacha nusu ya sahani, mimi kila nikiulizwa kama kila kitu ki sawa najibu kwa sentensi nzima. Bili ikaja: chakula 56.72, kodi 4.68, jumla 61.40. Nikampa kadi yangu ya benki. Akaondoka nayo.

Ndugu zangu, akaondoka nayo! Kadi! Kwetu mashine inakuja ilipo kadi, kadi haiifuati mashine. Nikainuka nikamfuata mpaka mlango wa jikoni, mpwa ananikimbilia nyuma, "Mjomba, kaa chini, ndivyo wanavyofanya, mjomba watu wanatuangalia." Nikarudi kukaa, moyo unadunda, macho mlangoni. Na hapo ndipo ilipopotea miwani. Niliisukuma kwenye meza nilipoinuka, mjukuu akaivaa, akaenda nayo msalani na mama yake. Mpwa naye akapigiwa simu na watu wa lori, akatoka nje. Nikabaki peke yangu na karatasi, kalamu, na kijana amesimama hatua mbili pembeni akijifanya anapanga vikombe.

Maelekezo nilikuwa nayo kichwani: piga asilimia 20 ya chakula, ongeza, andika, saini. Nikapiga: 11.34. Nikaongeza kwenye 61.40: 72.74. Nikaona ukungu wa mistari. Nikaandika 72.74 kwenye mstari wa kwanza niliouona, kwa mwandiko wa kikaguzi, kila tarakimu imesimama wima.

Chini yake kukabaki mstari mwingine mtupu, na neno nililoweza kulisoma hata bila miwani kwa sababu nimelala nalo miaka 31: jumla.

Naomba mnielewe hapa. Mhasibu hawezi kuacha mstari wa jumla mtupu. Ni kama fundi cherehani kuona uzi unaning'inia. Akili haikuulizwa, mkono wenyewe ukashuka. 61.40, jumlisha 72.74. Mia moja thelathini na nne, nukta, kumi na nne. Nikapiga mistari miwili chini yake, kama tunavyofunga hesabu, nikasaini. Na namba haikunishtua hata chembe. 134! Kwetu 134 haifikii hata sarafu ya mia mbili.

Kijana akaichukua karatasi. Akasoma. Akasimama kama alivyosimama kule maegeshoni. Akainama, akaniuliza kwa sauti ndogo kama nina hakika.

Nikadhani anakataa kwa adabu, kama mtu wa pwani anavyokataa sahani ya pili. Nikamwambia nina hakika, mwanangu, umefanya kazi, ni haki yako.

Macho yakamjaa maji. Akaenda akarudi na meneja. Meneja akanipa mkono. Ikaja keki ya njugu, hatujaiagiza, na malai juu. Mwanamke wa meza ya jirani akanipigia makofi. Mpwa aliporudi akakuta nimekumbatiwa na mtu mwenye aproni.

"Umemwachia ngapi?"

"Asilimia 20, kama ulivyoniambia."

Njiani nikawa najisemea: watu wa nchi hii wepesi wa shukrani. Kwa dola 11 wanalia!

Mimi kila usiku naandika matumizi ya siku kwenye kaunta buku, hata nikiwa safarini. Usiku ule nikavaa miwani, ikiwa na alama za vidole vya wali, nikatoa nakala ya karatasi nikaanza kunakili. Chakula na kodi, 61.40. Tipu, 72... Nikaivua miwani nikaifuta. Nikaivaa. Tipu, 72.74. Nikatafuta kosa la kujumlisha, maana siku zote huwa ni kosa la mtu mwingine. Hakuna. Vocha ilikuwa safi, imejumlishwa, imesainiwa, imepigwa mistari miwili. Ingefika mezani kwangu ningeipitisha.

Asilimia 128 ya chakula. Laki moja na themanini na ushee. Wale kambare wenyewe hawakufika huko.

Mpwa alicheka mpaka akakaa sakafuni. Halafu akasema nisiwe na wasiwasi, kesho niende tu na ile nakala niwaeleze, hurekebishwa. Nikafanya mazoezi ya Kiingereza usiku kucha: samahani kijana, ilitokea hitilafu ndogo ya uandishi. Asubuhi nikavuka njia sita, nakala mfukoni, hotuba kinywani.

Sikufika hata kwenye kiti. Kijana aliniona mlangoni akawaita wenzake, wakatoka watatu, mpishi mmoja akiwa na kijiko chake. Akawaambia, ndiye huyu. Akaanza kuwasimulia, na nilichoshika ni kwamba gari lake lilikuwa limekaa wiki mbili bila tairi na leo amekuja nalo, lile pale nje, jekundu. Wote wakaligeukia gari. Nami nikaligeukia. Nikaitazama tairi yangu.

Wakaninyamazia, wananisubiri niseme. Hotuba ilikuwa pale pale kwenye ncha ya ulimi: samahani kijana.

"Kambare," nikasema. "Na wali."

Nilikula taratibu kama mtu aliyefiwa. Bili ilipokuja nilivaa miwani, nikaweka kidole kwenye mstari wa juu, kidole kingine kwenye mstari wa chini, nikaandika dola 3.79, nikaisoma mara tatu kwa sauti. Kijana akaichukua bila kuitazama. Akarudi na glasi ndefu ya soda yenye barafu mpaka ukingoni, akaiweka mbele yangu, akasema hii nimenunua mimi, wewe si uliniambia ninunue soda?

Kaunta buku nililala nalo siku mbili, akili ikigoma. Tipu ya 72.74 siwezi kuiandika, nyumbani itasomwa. Mwishowe nikaandika: soda.

Mama Salma alilifungua lile buku jioni ileile niliyotua Tanga, kabla hata sijafungua begi. Akapitisha kidole ukurasa kwa ukurasa, akafika Jumapili, kidole kikasimama.

"Baba Salma. Dola sabini na mbili, soda?"

"Kule vitu ghali, mama."

"Mpwa wako kaniambia kule soda wanajaziwa bure."