Uzamili wa Benki na Fedha: Kaa Kwanza Kwenye Dawati la Mikopo

Mpwa wangu ni keshia katika tawi moja la benki jijini Arusha, na huu ni mwaka wake wa pili kazini. Jumapili iliyopita tulikutana nyumbani kwa mama yake, Moshi. Akasubiri watu watoke mezani, kisha akaniuliza: "Mjomba, nikope kwa mshahara nikasome uzamili wa benki na fedha, au nisubiri?"

Alitegemea nimwambie asome, na mapema. Nilikuwa afisa mikopo miaka kadhaa kabla ya kurudi darasani kusoma shahada hiyohiyo, na sijawahi kujuta. Lakini sikumjibu palepale. Vijana wengi wa Arusha na Moshi wananiuliza swali hili, na kila upande una hoja nzito.

Nianze na wanaosema asome. Kazi ya kaunta inapungua, na hilo halina ubishi. M-Pesa iliingia nchini mwaka 2008, uwakala wa benki ukafuata mwaka 2013, na leo mama wa Soko la Kilombero anaweka mauzo ya siku kwa wakala aliye hatua ishirini kutoka kwenye meza yake. Mtu atakayebaki na thamani ndani ya benki ni yule anayeweza kuamua: nani akopeshwe, kwa bei gani, na benki ibaki na mtaji kiasi gani mkopo ukienda vibaya. Mambo yenyewe pia yamezidi kuwa magumu. Tangu Januari 2024 Benki Kuu inaongoza uchumi kwa riba yake, ile inayoelekeza riba ambazo mabenki yanakopeshana, iliyoanza kwa asilimia 5.5, ikapanda hadi 6 mwezi Aprili mwaka huohuo, kisha ikashuka hadi 5.75 Julai 2025. Kueleza jinsi robo asilimia hiyo inavyosafiri mpaka imfikie mkopaji wa Boma Ng'ombe si kazi ya kujifunza kwa kusikiliza wenzako kwenye chai.

Tena masomo yamesogea karibu. Zamani aliyetaka elimu ya juu ya fedha aliitazama Dar es Salaam, ama aombe ruhusa ndefu, ama aache kazi. Sasa Chuo cha Uhasibu Arusha kiko pale Njiro, na Moshi kuna Chuo Kikuu cha Ushirika, kilichoanza kama chuo cha wanaushirika mwaka 1963 na kuwa chuo kikuu kamili mwaka 2014. Mtu anaweza kutoka kazini jioni akaingia darasani. Uchovu upo, lakini mshahara hausimami.

Wanaopinga wanaanza na makato, na hapo nawaelewa kabisa. Kijana aliyesomeshwa na Bodi ya Mikopo anakatwa asilimia 15 ya mshahara wake kila mwezi hadi deni liishe. Akiongeza mkopo wa mfanyakazi kulipia ada, halafu kodi ya nyumba, halafu nauli, mwisho wa mwezi anabaki na pesa ya kuombea. Na ngazi ya kupanda ni nyembamba. Tawi lina meneja mmoja. Anayepandishwa ni aliyeleta amana na ambaye mikopo yake hailali, na sijaona kikao cha kupandisha vyeo kikianza kwa kuuliza nani ana uzamili. Kwa fedha pungufu na bila kuacha kazi, mtu anaweza kukaa mitihani ya CPA, cheti cha mhasibu wa kitaalamu, ya Bodi ya Uhasibu au ile ya Taasisi ya Mabenki, na vyeti hivyo waajiri wanavijua vizuri.

Hoja yao ya pili ndiyo inayoniuma zaidi, kwa sababu niliiishi. Sehemu kubwa ya hesabu za darasa la uzamili zimetungwa kwa masoko yenye maelfu ya hisa zinazonunuliwa na kuuzwa kila dakika. Soko la Hisa la Dar es Salaam, lililoanza biashara mwaka 1998, lina kampuni zisizofika 30. Mwanafunzi anakesha akipima mwenendo wa bei za hisa za New York, asubuhi anarudi kaunta kumhudumia mkulima wa Machame asiyemiliki hisa hata moja.

Na yale yanayotuumiza zaidi huku hayahitaji uzamili. Chukua mkopo wa shilingi milioni 12 wa mwaka mmoja, kwa riba ya asilimia 20 inayopigwa juu ya mkopo wote mpaka mwisho, bila kujali umekwisha kurejesha kiasi gani. Riba ni milioni 2.4, rejesho ni milioni 1.2 kila mwezi. Mkopaji anaondoka akijua amekopa kwa asilimia 20. Lakini ukikumbuka kwamba kila mwezi anarudisha sehemu ya deni, na kwamba miezi ya mwisho ana fedha kidogo tu ya benki mkononi, riba halisi inafika karibu asilimia 35 kwa mwaka. Hiyo ni hesabu ya mwaka wa kwanza wa chuo. Kumweleza mteja hivyo kunahitaji uaminifu kuliko shahada.

Kama ningeishia hapa, ningemwambia mpwa wangu ahifadhi pesa zake. Kilichonizuia ni mwaka 2020.

Nilikuwa kwenye dawati la mikopo wakati ule. Orodha yangu ya wakopaji ilionekana nzuri kwa macho: mwenye magari mawili ya safari, mpishi wa mlimani aliyejenga vyumba vya kupangisha, mama anayepeleka mboga hotelini, fundi wa mahema, kijana mwenye duka la vinyago, dereva wa Noah ya kwenda uwanja wa ndege wa KIA. Biashara sita tofauti. Taarifa zetu ziliziandika kama sekta tofauti, usafirishaji huku, kilimo kule, nyumba kule, na sisi tuliamini tumegawanya hatari. Ndege za kimataifa zilipokoma kuleta wageni, wote sita walisimama karibu wakati mmoja. Kumbe walikuwa wakila chungu kimoja. Hata wapangaji wa yule mpishi walikuwa wapagazi.

Nilipoingia darasani baadaye, mwalimu akafika kwa Harry Markowitz, Mmarekani aliyeonyesha mwaka 1952 kwamba hatari ya mkusanyiko wa mali haipimwi kwa kutazama mali moja moja, bali kwa kutazama jinsi zinavyopanda na kushuka pamoja. Wenzangu waliokuja moja kwa moja kutoka shahada ya kwanza walinakili fomula. Mimi niliwaona wale wakopaji wangu sita. Fomula ya hisa za Marekani ilikuwa inaeleza Arusha, lakini ilimhitaji mtu aliyeshika mafaili yale ndipo aisikie.

Kwa hiyo naona pande zote mbili zinagombania swali lisilo lenyewe. Nadharia ya uzamili ina maana hapa kwetu, tena kubwa, ila haijitafsiri. Mtafsiri ni yule aliyewahi kumfuata mkopaji nyumbani, akaona ng'ombe aliyeandikwa kwenye fomu hayupo zizini.

Kuna mfano watu wanaupenda kuutumia kudai kwamba elimu ingeokoa kila kitu. Tarehe 4 Januari 2018 Benki Kuu ilifunga benki tano kwa upungufu wa mtaji, mojawapo ikiwa Meru Community Bank ya hapa Arusha. Kinga ya bima ya amana wakati huo ilikuwa hadi shilingi 1,500,000 kwa mwenye akaunti. Aliyekuwa na zaidi alibaki kusubiri ufilisi. Siku hiyohiyo Benki ya Ushirika Kilimanjaro ilipewa miezi sita kuongeza mtaji. Sikubali kwamba shahada za uzamili pekee zingeleta mtaji uliokosekana. Mtaji unaletwa na wanahisa. Lakini Benki ya Ushirika Kilimanjaro ilinusurika, na juu ya msingi wake ikajengwa Coop Bank iliyozinduliwa Dodoma Aprili 2025. Benki ya namna hiyo inahitaji watu wanaoweza kupanga mkopo wa mkulima kwa akili mpya, na watu hao hawajajaa mitaani.

Kahawa ya Kilimanjaro huanza kuchumwa mwezi wa saba hivi. Mkulima anapeleka kwenye chama chake cha ushirika, analipwa sehemu, mnada unafanyika, na nyongeza inakuja baadaye kama bei ilikuwa nzuri. Ada za shule zinamsubiri Januari. Benki inamtaka alipe rejesho sawa kila mwezi, ikiwemo Aprili na Mei, miezi ya masika ambayo hana kahawa ya kuuza na hata jirani yake mwenye gari la utalii hana mgeni. Anakopa kwa mtu mwingine ili ailipe benki. Kitabuni mkopo unaonekana mzima, kumbe umeanza kuoza. Nani amekaa akapima, kwa takwimu za miaka kumi za chama cha msingi kimoja cha Rombo au Hai, rejesho linalofuata msimu lingepunguza mikopo chechefu, yaani isiyorejeshwa kwa wakati, kwa kiasi gani, na lingeigharimu benki ukwasi, yaani fedha iliyo tayari mkononi, kiasi gani? Hiyo ni tasnifu. Na ndiyo sehemu ya uzamili inayotupwa ovyo kuliko zote. Wanafunzi wengi wanachagua mada iliyokwisha kuandikwa mara mia, wanagawa dodoso kwa wafanyakazi wenzao, wanahitimisha kwamba mafunzo yaongezwe. Nasema kwa uchungu, kwa sababu ukiondoa tasnifu, mengi ya yaliyobaki unaweza kuyasoma mwenyewe kwa bei ya vitabu.

Yupo dada mmoja tuliyesoma naye, akifanya kazi Moshi na kusoma Arusha. Kilomita kama 80 kwenda, na 80 kurudi, kwenye Coaster, siku tatu kwa wiki. Aliandika kuhusu marejesho ya wanachama wa SACCOS yao wenyewe, mwezi kwa mwezi. Hakupandishwa cheo mwaka ule, wala uliofuata. Lakini ratiba ya marejesho ya SACCOS ile ilibadilishwa kwa kazi yake, na wanachama hawalipi tena sawa mwezi wa tano na wa kumi.

Mpwa wangu nilimpigia Jumatano. Nikamwambia aombe kwanza kuhamishwa kutoka kaunta kwenda mikopo, hata kama ni kubeba mafaili na kufuatana na wakubwa Usa River na Karatu. Misimu miwili ya utalii, na mmoja wa kahawa kama atapata nafasi upande wa Moshi. Asikope kwa ajili ya ada. Aweke kidogo kidogo. Siku akiniletea swali ambalo meneja wake hana jibu lake, nitamchangia ada ya muhula wa kwanza.

Akanyamaza kidogo kwenye simu. Halafu akauliza kama swali la kwa nini wapagazi hawakopesheki linafaa.